Safu ya Maelezo

Saa kumi na moja alfajiri, Kitulo haina rangi.
Septemba imeingia, lakini sakitu bado imelala
juu ya nyasi kama chumvi iliyomwagwa na mlevi.
Penseli yangu nimeificha kwapani ipate joto.
Kalamu ya wino huku hugoma, haina aibu.

Fomu ina safu sita.
Aina. Idadi. Dume au jike. Saa. Hali ya hewa.
Ya mwisho, maelezo, upana wake vidole viwili,
na mhifadhi wetu, Bwana Luvanda, hurudia kila mwezi:
"Tweve, usiniandikie hadithi. Andika ulichoona."

Basi nimeona.
Tandawala mmoja, anatembea kama karani aliyechelewa
asiyetaka watu wajue kuwa amechelewa.
Nyayo za tohe bondeni, mbichi.
Na pale walipochimbua chikanda usiku,
vishimo, vishimo, vishimo,
ufizi wa mtoto anayeng'oa meno.

Mimi nimekuja kwa ajili ya shimo jingine.
Muhanga alilichimba, akalihama, hakudai kodi.
Ndani, kwenye dari ya udongo,
mbayuwayu wa buluu walibandika kikombe cha tope.
Mwaka juzi jozi saba upande huu wa mto.
Mwaka jana nne.
Nimelala kifudifudi, tochi mdomoni,
shavu limepoa hata nimesahau kuwa ni langu.
Kikombe kipo.
Kitupu.

Sasa niandike nini?
Sifuri nayo imeumbwa kama yai.
Mafunzoni Iringa walituambia:
kutoonekana si kutokuwapo.
Nilipomwambia mama, alicheka huku akimenya viazi:
"Hilo hata mwenye deni analijua."

Nikangoja. Ukungu ukapanda, ukashuka tena.
Nikaandika sifuri. Nikaifuta.
Karatasi ikatoboka.

Jioni, nyumbani, chini kidogo ya uwanda,
mama amemchinja yule jogoo mweupe:
wamekuja watu wa posa ya mdogo wangu, Tulizo.
Manyoya yametapakaa uani, watoto wanayafukuza,
wazee ndani wanazunguka mbuyu kuhusu ng'ombe,
na mara kitu cheusi
(hapana, si cheusi,
kimegeukia jua kikawa buluu,
buluu ya chupa ya wino iliyopasuka)
kimepita chini ya kamba ya nguo,
mkia nyuzi mbili ndefu,
kama fundi aliyemaliza kushona akasahau kukata uzi.
Kikadaka unyoya mmoja
kabla haujagusa ardhi.
Kikaondoka nao, mweupe, ukionekana kuliko yeye,
juu ya paa la jiko,
juu ya matuta ya shemeji yangu
yaliyoivuka bikoni ya tatu hatua kumi na mbili.

Hatua hizo nazijua. Nilizipima mwenyewe, mwezi Juni.
Sikuziandika popote.
Shemeji hutuletea gunia kila mavuno,
na mdomo uliokula viazi vyake
unakuwa mzito.

Nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, fomu gotini.
Aina: mbayuwayu wa buluu.
Idadi: mmoja.
Dume.
Saa: kumi na mbili kasorobo.
Hali ya hewa: upepo kidogo, harufu ya manyoya yanayoungua.
Mahali hapana safu yake. Nimebana pembeni:
nje ya mpaka, uani kwetu.

Kisha vidole viwili vya maelezo.
Nimeandika: Anatandika kiota.
Nikakaa.
Ndani wamecheka; nadhani wamefika ng'ombe watano.
Nikaandika chini yake, kwa herufi za chungu:
Bikoni ya 3. Viazi. Hatua 12. Toka Juni.

Bwana Luvanda atasema ni hadithi.

Mama ananiita, sufuria zinangoja kuoshwa.
Naiweka penseli kwapani, kwa mazoea tu,
ingawa hapa moto upo,
na shemeji, akitoka, ananisogezea kigoda.